Siku Nilipomuuliza Deo Karatasi Zake

Nianze na aibu yenyewe, maana hata nikiificha mtaisikia kwa wengine, tena wakiwa wameshaitia chumvi. Katikati ya jiji la Johannesburg kuna jengo la zamani, chini wanauza mablanketi kwa jumla na ghorofa ya tatu kuna kanisa, ambalo mpaka leo nikilikaribia nazunguka mitaa miwili nisipite mbele ya mlango wake, na huku kwetu Bellevue kuna watu wazima, watu wa kuimba kwaya, ambao wakiniona wananiita Uhamiaji. "Uhamiaji anapita." "Mama, ficha sahani, Uhamiaji ataikagua." Sijawahi kufanya kazi uhamiaji. Sijawahi kumfukuza hata kuku. Nilikuwa na wivu tu, nikauita shaka, kwa sababu nimesoma chuo kikuu, na moja ya mambo unayojifunza huko ni kuupa ubaya wako jina la heshima.

Ilikuwa mwaka 2012, mwezi wa saba, ile baridi kavu ya Johannesburg inayopasua midomo. Mimi naitwa Safari. Kwetu Uvira mtoto akizaliwa mama yuko njiani hupewa jina hilo, na ni utani mbaya wa maisha kwamba tangu niingie nchi hii nikiwa na miaka kumi na sita sikuwa nimevuka mpaka wowote, kwa sababu karatasi niliyokuwa nayo, ile ya muomba hifadhi, inakuruhusu kukaa na kupiga foleni ya kuiongezea muda, basi. Nilikuwa na shahada (falsafa, msicheke) na nilikuwa nasimamia duka la intaneti pale Bellevue, nikiwachapia watu barua za kuomba kazi ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimezikosa.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na saluni, na ndani ya saluni kulikuwa na Furaha. Tulikuwa tumependana mwaka na nusu, mapenzi ya kuvuka barabara: akimaliza kichwa cha mteja anavuka kuja kwangu kunywa chai, nikimaliza barua ya mtu navuka kwenda kwake kukaa kwenye kiti cha wateja na kumweleza kwa nini kila kitu anachokiamini kina kasoro. Alikuwa ananivumilia. Alikuwa anasema, "Safari, ukifika mbinguni utaomba kuona msingi wa nyumba kwanza."

Sasa Deo. Deo ni Mrundi, mrefu, mpole, ana sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, na kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani huko mashariki, upande wa Malvern. Zaidi ya hapo sikujua kitu, na (wekeni hili akilini, litanirudia) sikuuliza. Mwezi wa tano akapotea wiki tatu. Aliporudi akaingia pale saluni na simu yenye picha, na kipande cha sabuni ya mafuta ya zeituni kwa ajili ya Furaha, akasema alikuwa Ugiriki, kisiwa cha Santorini.

Niseme ukweli, ile sabuni ndiyo iliyoniuma kwanza. Furaha aliiweka kwenye kisahani karibu na bomba, na kila jioni akimaliza kazi ananawa, anakuja kwangu ananuka Ugiriki. Siku moja nikainawia kwa siri ili niithibitishe kuwa ni sabuni ya kawaida. Ilikuwa nzuri sana. Nikakasirika zaidi.

Halafu yakaanza ya "Deo amesema". Deo amesema ukienda kule usiende wakati wa likizo zao, mwezi wa saba na wa nane, watu wanakanyagana. Deo amesema usilale kwenye vile vijiji vya ukingoni vinavyotazama bahari, lala upande wa pili wa kisiwa ambako mchanga ni mweusi, mwenye nyumba ni mama mjane na anakupa nyanya asubuhi. Mimi nilikuwa nimemweleza Furaha habari za Wagiriki mwaka mzima, fikra zao, hoja zao, akapiga miayo. Deo amemwambia habari za nyanya, macho yanang'aa. Na kila nilipomsikia anaanza, "Deo na yule—" nilikuwa namkata, nasema nina mteja, nina barua, nina maji jikoni. Sikutaka kusikia mwisho wa sentensi yoyote yenye jina la Deo mwanzoni.

Furaha ndiye aliyekuwa anaandaa Jumamosi ya Vijana pale kanisani, mara moja kwa mwezi mtu anasimama anaeleza kitu alichokiona au anachokijua. Mwezi ule akamwomba Deo aeleze namna mtu asiye na kitu anavyoweza kutembelea kisiwa ambacho matajiri wa dunia nzima wanakigombania. Na mwezi ule ule Baba mdogo Zakaria, mdogo wa marehemu baba yake Furaha, aliyemlea tangu akiwa na miaka saba, alikuwa anapanda kutoka Durban kwa basi, anakaa Jumamosi moja tu, na baada ya mazungumzo Furaha alikuwa anitambulishe kwake. Mnajua uzito wake. Baba mdogo akikubali, mambo ya wazazi yanaanza. Akikataa, Furaha si mtu wa kumvuka.

"Nakuomba kitu kimoja, Safari," akaniambia, mikono yake bado ina mafuta ya nywele. "Lete projekta ya dukani kwenu, uisimamie, ukae. Watu wakipiga makofi, piga. Usiulize swali."

"Hata moja?"

"Umeona? Hilo ni moja."

Nikaahidi. Nilikuwa naahidi kwa moyo kabisa. Lakini shida yangu ni kwamba nilikuwa nakaa mbele ya kompyuta siku nzima, na picha za Deo Furaha alikuwa amenipa nizitengeneze kwa ajili ya projekta, kwa hiyo nikawa na picha arobaini na kitu za mwanaume ninayemwonea wivu na kazi ya kuzitazama moja moja. Katika moja, ile iliyopendwa na saluni nzima, Deo amesimama mbele ya ukuta mweupe, mlango wa buluu, juu yake kuba la buluu, na mkono wake wa kulia umenyooka kwenda pembeni, kwenye kiwiko picha imekatika. Mkono umeshika nini? Au umemshika nani? Nikaikuza ile picha mpaka ikawa vipande vya rangi. Picha nyingine sita, hivyo hivyo, mkono unatoka nje ya picha. Na katika zote hakuna mtu mwingine, ila akieleza anasema "tulishuka", "tulikula", "tulipumzika".

Halafu nikakumbuka ule ukuta. Niliwahi kuuona. Mbele ya Malvern, ukifuata Jules Street mpaka ichoke, kuna mkahawa wa samaki wa Mgiriki mmoja, na uani kwake kuna ukuta mweupe wenye mlango wa buluu na kuba, ambako maharusi wetu wanaenda kupigwa picha Jumamosi, kila mtu hapa ana binamu mwenye picha pale. Nikafunga duka saa nane mchana, nikapanda teksi, nikaagiza sahani ndogo kabisa ya samaki, nikamwomba mhudumu anipige picha mbele ya ukuta, mkono nimeunyoosha pembeni. Nikairudisha dukani, nikaiweka kando ya ile ya Deo. Mlango ule ule. Ufa ule ule juu ya mlango. Hata chungu cha maua upande wa kushoto.

Nilihisi furaha ambayo mtu mzuri hahisi. Nikajazia na hoja ya pili: Deo aliingia nchi hii kama mimi, tumewahi kupiga foleni moja kwa ile karatasi, na karatasi ile haikupeleki hata Botswana, sembuse Ulaya. Kwa hiyo hakwenda. Alijificha wiki tatu, akapigwa picha mkahawani na mwanamke aliyemkata, akasoma vidokezo kwenye intaneti. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevichapa, kurasa kumi na moja. Na hapo ndipo nilipofanya kale kauamuzi kadogo kalikoniponza: ile picha yangu nikaitia kwenye flashi ileile yenye picha za Deo. Si ya kuonyesha. Nilijiambia iko pale tu, kama mtu anavyobeba mwavuli. (Kwenye flashi hiyo kulikuwa pia na barua niliyokuwa naiandika ya kujitambulisha kwa Baba mdogo, rasimu ya sita, maana mdomo wangu siuamini. Flashi ilikuwa moja. Nilikuwa na shahada, sikuwa na flashi ya pili.)

Jumamosi ikafika. Lifti ya jengo lile ilikufa kabla sisi hatujaijua nchi hii, kwa hiyo nilipandisha projekta ngazi zote nikihema, na nilipofika juu nikakuta mstari wa mbele kabisa kuna bibi mmoja mzungu kwenye kiti cha magurudumu, mdogo kama nguo iliyofuliwa ikarudi, shali mabegani, macho yamefumba. Nikamsalimia kwa Kiingereza. Akatikisa kichwa bila kufumbua macho. Nikaenda kukaa kwenye meza yangu hatua mbili nyuma yake, karibu na Kizito anayepiga kinanda, nikasema kwa Kiswahili, bila hata kupunguza sauti, "Hiki kibibi wamekiokota wapi?"

"Mfadhili labda," Kizito akasema.

"Mfadhili gani amelala kabla hatujaomba? Atalala mpaka mwisho, halafu tumwamshe tumwelekeze njia ya kaburini."

Kizito akacheka puani. Yule bibi akajiweka vizuri shali. Mimi nikaendelea kuchomeka nyaya.

Baba mdogo Zakaria akaja, mfupi, koti la suti, daftari la shule mkononi. Furaha akamkalisha mstari wa pili, akanionyesha kwake kwa kidole kutoka mbali, nikainama kama mhudumu. Ukumbi ukajaa, wasusi, mafundi cherehani, walinzi waliotoka zamu ya usiku, mama mmoja na watoto wake watatu wanaongea Kizulu wao kwa wao. Deo akasimama.

Na niseme, kwa sababu leo hainigharimu kitu, alieleza vizuri. Alisema kwanza chagueni meli kubwa ya polepole kutoka bandari ya Athene, si ile ya kasi, inachukua karibu siku nzima ila unakaa nje na mkate wako. Mabasi yote ya kisiwa yanapita mji mmoja, kwa hiyo ukikosea basi hupotei, unarudi tu pale. Maji ya bomba usinywe. Chakula cha kula umesimama, nyama ndani ya mkate, kinatosha mtu na nusu. Asubuhi simama ukingoni uhesabu meli kubwa za watalii zilizotia nanga chini: zikiwa nne, siku hiyo usiende mjini, nenda kwenye mchanga mweusi, maana kila meli inamwaga watu kama uwanja wa mpira umefunguliwa. Jua linapotua wote wanajazana kijiji kimoja cha mwisho, wanasubiri saa mbili wakikanyagana miguu, na likizama wanalipigia makofi.

"Wanalipigia jua makofi?" Baba mdogo akauliza.

"Kabisa, baba. Kama limefunga bao."

Ukumbi ukacheka. Baba mdogo akaandika.

"Sisi hatukwenda kule," Deo akaendelea. "Tulikaa kwenye kikanisa kimoja njiani, kuna benchi upande wa mashariki wa ukuta, lina kivuli kuanzia saa tisa. Likikaribia kuzama unazunguka tu ukuta, jua ni lile lile." Halafu akataja benchi jingine, karibu na kituo cha basi, lenye mkono wa kushikia. Akataja choo kisicho na ngazi nyuma ya duka la mikate. Akasema kutoka bandari ya zamani kwenda juu kuna ngazi karibu mia sita, na wale punda msiwapande, wanateseka, pandeni kile kigari cha kwenye waya, mlango wake ni mpana.

Nikawaza: kijana wa miaka ishirini na saba, mzima kama ng'ombe, kwa nini ajue kila benchi lenye kivuli? Amenakili. Amenakili ukurasa wa wazee. Niliusoma na mimi. Kichwa kikaanza kupata moto. Nikamtazama Furaha, amesimama pembeni, anamsikiliza yule mtu kwa namna ambayo hajawahi kusikiliza sentensi yangu moja mpaka nukta.

Na hapo Baba mdogo akafunga daftari, akasema kwa sauti ya kuridhika, "Kijana una akili na una utulivu. Umeoa?"

"Bado, baba."

"Eh," akasema Baba mdogo, akamgeukia Furaha.

Mkono wangu ukapanda. Naapa sikuutuma. Furaha aliuona, akatikisa kichwa mara moja, taratibu, na mimi nikajifanya nimeona ishara ya kuruhusiwa.

"Kaka Safari," Deo akasema, kwa upole ule ule.

"Nina swali dogo. Mbona umejua mabenchi mengi hivyo?"

Watu wakacheka, Deo naye akacheka, na kama ningekaa pale ningekuwa mtu wa utani tu mpaka leo. Akafungua mdomo anijibu. Sikumpa nafasi.

"Na lingine. Ulisafiri kwa karatasi gani?"

Lazima niwaeleze wale msioishi huku. Hapa kwetu utamuuliza mtu mshahara, utamuuliza kwa nini hazai, utamuuliza alikimbia nini nyumbani akikuzoea. Karatasi humuulizi. Si mbele za watu. Katika ukumbi ule kila mtu alikuwa na karatasi yake au ukosefu wake, iliyoisha, ya kuazima, iliyobaki siku nne, na sote tulikuwa tumeshasimamishwa barabarani na mtu mwenye sare anayeuliza swali lile lile kwa sauti ile ile niliyoitumia mimi.

Mtu wa mlangoni akachukua koti lake akaondoka, bila haraka, kama anayekwenda kupokea simu. Akafuata mwingine. Yule mama akawakusanya watoto. Nyuma mtu akauliza, "Huyu nani amemleta?" na mwingine akajibu, "Labda ni uhamiaji," na jina likazaliwa hapo hapo.

"Safari, keti," Furaha akasema.

Mtu mwenye akili angeketi. Lakini nilishaona nimeingia nusu, na nikaamini (hii ndiyo hatari ya kusoma) kwamba ushahidi ukionekana wote watanigeukia na kunishukuru. Nikasema, "Nitawaonyesha," nikainamia kompyuta, nikafungua flashi. Na ukutani, kwa ukubwa wa mita mbili, ikatokea orodha ya kila kitu kilichomo: Deo mkono moja, Deo mkono mbili, Deo mkono karibu, Maswali ya kumbana Deo, Deo mwongo mwisho, Deo mwongo mwisho kabisa.

Mtu akaguna. Nikabonyeza picha yangu haraka. Ikatokea: mimi, ukuta mweupe, mlango wa buluu, mkono umenyooka, na mbele yangu sahani ya samaki mmoja mdogo.

"Ukuta ni huu," nikasema. "Uko hapa hapa, baada ya Malvern. Hakwenda popote."

"Ulikwenda kula samaki peke yako?" Kizito akaniuliza, kwa huruma ya kweli.

Nilitaka kuziweka picha mbili pamoja. Nikabonyeza. Haikuwa picha ya Deo. Ilikuwa barua. Na Baba mdogo Zakaria, mtu wa kusoma kila kitu kilichoandikwa mbele yake, akavaa miwani akaisoma kwa sauti, pole pole: "Heshima yako Baba mdogo. Mimi Safari ni kijana mtulivu, mvumilivu, nisiye na wivu, ninayejua kusitiri watu mbele za watu." Akavua miwani. Akanitazama. Akaitazama tena barua, kama anayetafuta Safari mwingine aliyetajwa humo.

Hapo ndipo kile kiti cha magurudumu kikageuka.

"Weye kijana," akasema yule bibi. Kiswahili. Kiswahili cha Bujumbura, kile kile cha Deo, chenye kutu kidogo pembeni. "Zima hiyo kitu, ukae."

Nilikaa.

"Miye naitwa Eleni. Nilizaliwa Bujumbura, karibu na bandari, baba yangu aliuza vitambaa pale mpaka alipokufa. Sikulala. Nafumba macho kwa sababu ya mataa. Na njia ya kaburini naijua, hutahitaji kuniamsha."

Kizito akainamia kinanda chake kana kwamba amepoteza noti.

"Ule mkahawa ni wa mtoto wa dada yangu," akaendelea. "Ule ukuta alichora yeye, kwa picha ya nyumba ya babu yetu kule kisiwani. Akachora na ufa. Nilimwambia ufa usichore, akakataa. Sasa weye umeona mchoro, umesema nyumba ni ya uongo." Akapumua. "Nilitaka kuiona hiyo nyumba kabla sijafa. Watoto wangu wako Australia, wana kazi. Deo akanipeleka. Karatasi yake ya safari, ile wanapewa wakimbizi waliokubaliwa, nilikaa naye foleni mimi, kwenye kiti hiki, miezi saba. Unauliza mkono umeshika nini? Unashika miye. Pale ni mteremko, akiachia nafika baharini. Na sikutaka kupigwa picha ndani ya kiti. Ndiyo hiyo siri yako yote."

Mabenchi. Kivuli. Choo kisicho na ngazi. Mlango mpana. Mimi ninayeuliza kila kitu, niliyekuza mkono wa mtu mpaka ukawa vipande vya rangi, sikuwahi kumuuliza Deo swali ambalo mtoto angeuliza: ulikwenda na nani? Furaha alijaribu kuniambia si chini ya mara kumi. Nilikuwa na maji jikoni.

Mkutano ukaisha bila sala ya mwisho. Nilikuwa nakunja nyaya, natafuta namna ya kupotelea ndani ya mfuko wa projekta, Deo akaja.

"Kaka Safari, wale vijana wawili walionisaidia kumpandisha wameondoka." Hakusema waliondoka kwa sababu gani. "Shika upande huo."

Tukamshusha Mama Eleni ghorofa tatu, Deo mbele, mimi nyuma. Yeye akawa ananielekeza: usishike gurudumu, shika chuma, usivute, sindikiza, Deo akisema simama, simama. Kwenye kipumziko cha kwanza akanigeukia, akasema kwa sauti ndogo ambayo zaidi yangu ni Deo tu angeweza kusikia, "Na weye, una karatasi gani?"

Nikaweka upande wangu chini. Nikatoa ile karatasi mfuko wa ndani, imekunjwa mara nane, kwenye mikunjo imepasuka nimeitia gundi ya plastiki, mihuri ya kuongezewa muda imepandana mpaka huoni ipi ya mwisho. Akaisoma yote, mbele na nyuma, akanirudishia.

"Kumbe ndiyo hii inakuuma," akasema.

Nikaikunja tena. Mpaka dakika ile nilidhani nilikuwa namwonea Deo wivu kwa ajili ya Furaha, au kwa ajili ya kile kisiwa, au ile sabuni. Deo alikuwa ametoka nje ya nchi akarudi, amepita mlango wa kwenda na mlango wa kurudi, na hakuna aliyemzuia. Mimi ilikuwa miaka kumi na moja tangu niingie, sijapita hata mmoja. Nikashika tena upande wangu, tukamaliza ngazi.

Chini, mbele ya duka la mablanketi, Baba mdogo Zakaria alinipa mkono, maana ni mtu wa heshima. Akasema, "Barua yako nzuri sana, kijana. Shida ni mwenyewe." Kisha akaenda kusimama na Deo, akamuuliza tena lile jambo la watu kulipigia jua makofi.

Furaha alibaki nyuma kidogo. Alikuwa ameichukua flashi yangu kwenye kompyuta, alikuwa anaigeuza geuza vidoleni.

"Nilikuomba kitu kimoja," akasema.

"Najua."

"Ungeniuliza mimi tu, Safari. Wakati wote nilikuwa ng'ambo ya barabara."

Akaniwekea flashi kiganjani, akanifunga vidole juu yake, mikono yake inanuka ile sabuni. "Nimefuta vyote. Barua nimeiacha. Siku moja utamsomea baba mdogo wa mtu mwingine, hakikisha tu imekuwa kweli."

Hakuolewa na Deo, msinifikirie hivyo, Deo hakuwahi hata kumtongoza. Aliolewa baadaye na mtu wa Durban ambaye sijamwona na sitaki kumwona. Kuachwa kwa ajili ya mwanaume mwingine kungenipa mtu wa kumchukia. Niliachwa kwa ajili ya swali langu mwenyewe.

Kwa hiyo nimejiapiza. Karatasi ya mtu siiulizi tena, hata akinionyesha nageuka nitazame robot, zile taa za barabarani, imewaka rangi gani. Na mtu akija na picha za alikokwenda, nauliza kitu kimoja tu, ulikuwa na nani, halafu nanyamaza mpaka afike mwisho. Vidokezo vya kile kisiwa bado ninavyo, vya kwangu kurasa kumi na moja na vya Deo kichwani, kwa hiyo kama kuna mtu anakwenda aje nimweleze: mwezi wa tano, meli ya polepole, kijiji cha upande wa pili, hesabu meli kabla hujatoka. Kuna kikanisa njiani, benchi liko upande wa mashariki, kivuli kinaanza saa tisa. Sijawahi kufika, lakini kivuli kile nakijua vizuri kuliko wengi waliokwenda.